Kupika vasanu, tamutamu ya majira ya baridi ya Waparsi: mwongozo kamili

Mjini Pune, India, mwezi wa Desemba, maji ya bomba alfajiri huuma vidole. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kiparsi aliyekwisha kuvuka miaka sabini. Nilimwita anti, kama walivyomwita wapangaji wote walionitangulia. Asubuhi moja alinigongea mlango akiwa ameshika kisahani, na juu yake kipande cha kitu cha rangi ya kahawia, kimejaa lozi, kinanukia iliki na tangawizi kavu. "Kula kwanza, dikra, ndipo ukaoge," aliniambia. Dikra kwa Kigujarati ni mwanangu.

Kile kipande ndicho vasanu. Nilikaa kwake misimu miwili ya baridi, na msimu wa pili nilishika mwiko mwenyewe huku yeye amekaa kwenye kigoda akisikiliza sufuria. Nasema akisikiliza kwa sababu macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini alijua kwa mlio kama samli imepata moto au bado. Ninayoyaandika hapa ni ya jikoni kwake, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kupika mwenyewe.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Watu wakiona orodha ya viungo vya vasanu huogopa, wakidhani ugumu uko pale. Hauko pale. Ukikosa viungo viwili vitatu, vasanu bado ni vasanu. Inayoharibika ni ile iliyokimbizwa motoni, au iliyotupiwa vitu vyote kwenye sufuria moja kwa wakati mmoja. Kila kitu kina muda wake wa kuiva, kwa hiyo kila kitu hukaangwa peke yake.

Chakula cha watu gani

Waparsi ni kizazi cha Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Iran, waliohama huko karne nyingi zilizopita na kufika pwani ya Gujarat, magharibi ya India. Masimulizi yao yanasema walitua Sanjan. Baadaye Navsari ukawa mji wa makuhani wao, na Udvada ndiko unakotunzwa moto wao mtakatifu wa Iranshah tangu 1742. Leo wengi wanaishi Mumbai, na ni watu wachache: sensa ya India ya 2011 iliwahesabu 57,264 nchi nzima. Zanzibar nayo iliwahi kuwa na jamii yao, wakawa na hekalu la moto na makaburi yao. Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa huko 1946 kwa wazazi Waparsi. Jina la ukoo wake linatokana na mji wa Bulsar, ambao sasa unaitwa Valsad, kwenye pwani ileile ya Gujarat.

Wagujarati wote, wawe Wahindu au Waparsi, wana kundi la vyakula vya majira ya baridi wanavyoviita vasana: vizito, vya samli, gundi ya kuliwa, karanga za miti na viungo vya kuchangamsha mwili. Watu wa Kutch, wilaya ya Gujarat, wanapika adadiya kwa unga wa choroko nyeusi. Wengine wana katlu, inayoitwa pia batrisu, yaani ya viungo thelathini na viwili. Waparsi wana eeda pak, inayopikwa kwa viini vya mayai, na wana hii vasanu. Hupikwa mara moja au mbili kwa mwaka, Desemba na Januari, ikawekwa kwenye kopo na kuliwa kidogo kidogo kila asubuhi. Mzazi aliyejifungua karibuni hupelekewa fungu lake.

Vipimo

Hivi vinatoa kilo mbili na nusu hivi, vipande kama mia moja vidogo. Usipike robo yake, maana sufuria yenye vitu vichache huungua haraka kuliko mkono wako. Nusu inawezekana.

- Samli nzuri ya ng'ombe, gramu 700
- Sukari, gramu 700, na maji mililita 350
- Unga wa ngano usiokobolewa (ata), gramu 200
- Unga wa singhoda, gramu 150
- Unga wa choroko nyeusi uliosagwa wa chengachenga, gramu 150
- Gundi ya kuliwa (gundar), gramu 125
- Lozi, gramu 250
- Pistachio zisizo na chumvi, gramu 75
- Mbegu za tikitimaji zilizomenywa, gramu 50, na charoli gramu 50 ukizipata
- Khaskhas, gramu 40
- Tende kavu ngumu (kharek), gramu 100
- Unga wa tangawizi kavu, gramu 30
- Unga wa ganthoda, gramu 15
- Iliki iliyosagwa, gramu 10
- Kungumanga nusu, basibasi kijiko kimoja cha chai, zafarani nusu kijiko cha chai
- Maziwa, kikombe kimoja

Baadhi ya majina haya yanahitaji maelezo. Singhoda ni tunda la mmea unaoota kwenye mabwawa India. Lina pembe mbili kama za ng'ombe, na likikaushwa husagwa kuwa unga mweupe mlaini. Ganthoda ni mzizi wa mmea wa pilipili ndefu. Unafanana na vijiti vyenye vifundo, na ukali wake huja polepole kooni. Charoli ni vijimbegu vidogo vya mviringo vyenye ladha iliyo karibu na lozi.

Vyote hivi uulize kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, na utaje majina hayohayo ya Kigujarati, muuzaji atakuelewa. Kisutu Dar es Salaam, Marikiti Mombasa, na Ngara au Parklands Nairobi ni pa kuanzia. Walioko Uingereza wana Belgrave Road kule Leicester na Ealing Road kule Wembley. Ukikosa charoli, iache. Ukikosa singhoda, ongeza unga wa ngano gramu 100, ingawa vasanu yako itakuwa nzito zaidi mdomoni.

Walioko Ghuba wasikilize hili: khaskhas ni mbegu za mpopi, na Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zimezipiga marufuku. Usizinunue wala usizibebe kwenye mzigo wa safari. Weka ufuta mweupe badala yake.

Gundi nayo ina mtego wake. Madukani kuna aina mbili zinazokaa rafu moja. Unayoitaka ni ile ya mti wa jamii ya mgunga, mabonge ya rangi ya asali yanayopitisha mwanga. Miti hiyohiyo inaota Sudan na kaskazini ya Kenya, na gundi yake huvunwa huko. Nyingine inaitwa gond katira, nyeupe iliyofifia, kama magamba. Hiyo huloweka maji ikawa kama utelezi, na kwenye samli ya moto haifuri hata kidogo. Ukiinunua kwa makosa, umepoteza kazi ya siku nzima.

Siku ya kwanza: maandalizi

Usianze kupika siku unayonunua. Anti alitumia siku nzima kuandaa, na sikuelewa sababu mpaka nilipojaribu kufanya vyote kwa jioni moja, nikajikuta namenya lozi huku unga unaungua.

Loweka lozi kwenye maji ya moto nusu saa, zimenye, zitandaze kwenye kitambaa mpaka zikauke kabisa. Tenga gramu 50, uzikate nyembamba za kupambia. Zilizobaki zitwange kwenye kinu, zibaki chengachenga za ukubwa wa punje za mchele. Blenda inafaa pia, ila ibonyeze na kuiachia, maana ikizunguka mfululizo lozi hutoa mafuta zikawa uji. Pistachio zifanye vivyo hivyo bila kuzimenya.

Tende kavu zipasue, toa kokwa, zikate vipande, zianike au uzitie kwenye oveni ya moto mdogo mpaka ziwe ngumu kama mawe, ndipo uzisage. Tende laini tulizozoea sisi hazifai hapa, kwa sababu unyevu wake utafupisha maisha ya vasanu.

Khaskhas zikaange kavu mpaka ziache harufu, kisha zisage. Loweka zafarani kwenye vijiko viwili vya maziwa ya uvuguvugu.

Kisha gundi. Ianike juani saa mbili tatu ili unyevu uishe, halafu ivunje kwa mchi, ibaki punje za ukubwa wa mahindi, zisizidi hapo. Mara yangu ya kwanza niliona uvivu, nikaacha mabonge kama yalivyokuja. Juu yalifura vizuri, ndani yakabaki kioo. Anti aliuma kipande kimoja, akatoa kile kijiwe mdomoni, akakiweka mezani mbele yangu bila kusema neno. Tulikaa tukichambua bakuli zima, bonge baada ya bonge.

Mwisho wa siku hiyo, shughulikia unga wa choroko nyeusi. Pasha vijiko vitatu vya maziwa na viwili vya samli, mimina juu ya unga, fikicha kwa viganja mpaka kila punje ipate. Ushindilie kwenye bakuli, funika nusu saa, kisha uupitishe kwenye chekeche lenye matundu makubwa. Utapata chengachenga kama za simolina. Hizi ndizo zinazoipa vasanu ule mkatiko wake mzuri, isiwe kama matope.

Siku ya pili: kukaanga

Tafuta sufuria au karai lenye kitako kizito. La shaba ndilo lililotumika kwa anti, lakini la chuma kizito linatosha. Mwiko uwe wa mti na wenye mpini mrefu, maana mchanganyiko wa mwisho huruka. Gawa samli: gramu 300 za kukaangia gundi na karanga, 300 za unga, na 100 ziweke pembeni za mwisho.

Anza na gundi. Pasha zile gramu 300 za kwanza kwa moto wa wastani, tupa punje moja. Ikizama na kutulia, samli bado. Ikipanda juu na kufura papo hapo, ni tayari. Ikibadilika rangi kabla haijafura, samli imezidi moto, epua kidogo. Tia konzi moja moja, si zaidi. Hapa ndipo anti alipokuwa akiinamisha kichwa kusikiliza: punje hulia kama bisi, mlio unakuwa wa haraka, kisha unapungua, na unapokaribia kukoma ndipo unapozichota. Zitakuwa zimefura mara tatu au nne, nyeupe, nyepesi kama povu lililokauka. Ponda moja kwa kidole. Ikivunjika yote kuwa unga, imeiva. Ikiwa ndani kuna kitu kinang'aa, rudisha. Zikishapoa ziponde kwa kitako cha bakuli.

Kwenye samli hiyohiyo, moto ukiwa mdogo, kaanga lozi zilizotwangwa mpaka zibadilike rangi kidogo tu. Zitoe, fuata na pistachio na charoli, kisha mbegu za tikitimaji, ambazo hurukaruka, kwa hiyo ufunike nusu. Samli itakayobaki usiimwage, ichuje uitumie kwenye unga.

Unga sasa, na hapa ndipo subira inapohitajika. Anza na wa ngano: theluthi ya samli ya unga, moto wa chini, koroga bila kuacha. Dakika tano za kwanza utaona kama hakuna kinachotokea. Kisha unga unalainika, unakuwa mwepesi mwikoni, na harufu inageuka kutoka ya unga mbichi kuwa ya biskuti. Dakika 15 hadi 18 hivi. Epua ukiwa na rangi ya dhahabu, kwa sababu joto la sufuria linaendelea kuupika hata nje ya moto. Utoe kwenye sinia.

Choroko nyeusi huchukua dakika 20 au zaidi, na ukiiondoa mapema utaisikia ulimini, ladha ya kunde mbichi inayokwaruza. Singhoda ni kinyume chake: dakika sita hadi nane, na ikianza kubadilika inaungua kabla hujageuka. Ndiyo maana siku zote tulimalizia na hiyo, tena kwa moto mdogo kuliko wote. Ukiziweka unga tatu pamoja kwa kuokoa muda, singhoda itakuwa imeungua na choroko bado mbichi. Hakuna njia ya mkato.

Shira na kuunganisha

Weka sukari na maji kwenye sufuria kubwa, koroga mpaka sukari iyeyuke, chemsha. Ikichemka tia vijiko viwili vya maziwa, uchafu wa sukari utapanda juu kama povu la kijivu, uchote. Endelea kuchemsha mpaka shira iwe ya uzi mmoja: chota tone, lipoze kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha. Ukivutika uzi mmoja mwembamba usiokatika haraka, zima moto. Ikiwa mapishi ya halua ya kwetu unayajua, mkono wako tayari unaufahamu uzi huo. Usisubiri wa pili, maana vasanu ya shira ya nyuzi mbili ikipoa huwa tofali.

Rudisha moto wa chini kabisa. Tia unga zote tatu kidogo kidogo huku unakoroga upande mmoja. Kisha tende zilizosagwa na khaskhas. Kisha lozi, pistachio na mbegu. Mchanganyiko utakuwa mzito, mkono utachoka, na ni vizuri muwe wawili wa kupokezana. Anza kutia zile gramu 100 za samli, kijiko kimoja kimoja, ukisubiri kila kimoja kinywewe. Baada ya dakika 20 hivi utaona mambo mawili: mchanganyiko unaachana na kuta za sufuria ukifuata mwiko kama bonge moja, na samli inaanza kuchungulia pembeni. Hapo umefika.

Epua kwanza. Sasa ndipo gundi iliyopondwa inapoingia, pamoja na tangawizi, ganthoda, iliki, kungumanga, basibasi na zafarani. Viungo vikipikwa motoni kwa muda harufu yote inaishia darini, na gundi ikichemshwa ndani ya shira inarudi kuwa ya kunata. Changanya haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa samli, sawazisha kwa kitako cha bakuli, nyunyiza lozi za kupambia na uzikandamize kidogo. Baada ya saa moja, ikiwa bado ina vuguvugu, kata vipande vidogo. Usivitoe. Viache vilale usiku kucha.

Ikikataa

Asubuhi ukikuta imekuwa ngumu, shira ilizidi. Irudishe sufuriani na nusu kikombe cha maziwa, moto mdogo, koroga mpaka ilegee, umimine upya. Itakuwa laini, lakini kwa kuwa ina maziwa, iliwe ndani ya wiki na ikae kwenye friji. Ikiwa haikushika, inamwagika kama uji, shira haikufika uzi. Irudishe motoni bila kuongeza kitu mpaka iachane na sufuria. Samli ikielea juu baada ya kupoa, moto wa mwisho ulikuwa mkali. Papasa juu kwa karatasi safi na ule hivyo hivyo, ladha haijaharibika. Ikiwa chungu, kuna unga au gundi iliyoungua. Hiyo haina dawa, na ndiyo sababu kila kilichokaangwa uonje kabla hakijaingia kwenye sufuria kubwa.

Kuhusu nguvu yake

Madai kuhusu vasanu ni mengi: mgongo, magoti, damu, maziwa ya mama. Mimi nasema ninachoweza kukisimamia. Kwa vipimo hivi, kipande cha gramu 25 kina kalori zipatazo 140, sehemu kubwa zikitoka kwenye samli na sukari. Kwa mtu anayeamka kwenye baridi, au mama aliyechoka kwa kunyonyesha, au mzee anayekula kidogo, hicho ni chakula kingi katika tonge mbili, na tangawizi na ganthoda huupa mwili joto unalolisikia mara moja. Hiyo ni nguvu ya kweli.

Lakini kwa sababu hiyohiyo, mwenye kisukari, au aliyekatazwa mafuta kwa ajili ya moyo, asiile kama dawa. Anayedhurika na lozi au jamii yake asiiguse, wala mtoto mdogo asipewe. Madukani pia huuzwa masala ya vasanu iliyochanganywa tayari, yenye mizizi ya dawa kama safed musli na shatavari. Mjamzito, au anayetumia dawa za hospitali, aulize daktari kabla ya kuitumia. Anti hakuitia, alisema ladha yake hufunika zafarani, nami sijawahi kuikosa.

Kuhifadhi na kula

Kule Pune, kopo la bati lilikaa kabatini mpaka mwisho wa Januari bila tatizo. Kwenye joto la Mombasa au Dar samli hulegea na karanga huchacha upesi, kwa hiyo weka kwenye friji, ndani ya chombo kikavu kinachofunga, na uimalize ndani ya mwezi. Mkono wenye maji usiingie humo. Toa kipande robo saa kabla ya kula, kwani kikiwa baridi harufu imelala. Walioko Njombe, Makete au Limuru wakati wa kipupwe hawahitaji friji, kabati linatosha.

Usiihukumu siku ya kwanza. Siku ya kwanza tangawizi inasimama peke yake na utamu peke yake. Kuanzia siku ya tatu vinakuwa kitu kimoja. Kipande kimoja asubuhi, na chai ya maziwa isiyo na sukari.

Na kabla kopo halijafungwa, anti alikuwa akijaza kisahani cha jirani wa ghorofa ya juu, ambaye binti yake alikuwa amejifungua wiki ileile. Nilipanda nacho ngazi kikiwa bado na vuguvugu, kimefunikwa kitambaa cheupe.